Solaria au La Critica: uanze na lipi?

Wanaosoma fasihi ya Italia ya enzi za Mussolini hubishania majarida haya mawili.

Kwa kudumu, La Critica la mwanafalsafa Benedetto Croce limeshinda: lilianza 1903, likafika 1944. Croce aliandika ilani ya wasomi dhidi ya ufashisti mwaka 1925. Mwaka uliofuata nyumba yake Napoli ilivamiwa, lakini sifa zake nje ya nchi zilifanya utawala usite kumziba mdomo.

Solaria, lililoanzishwa Firenze na Alberto Carocci mwaka 1926, halikuwa na kinga hiyo. Halikupiga kelele za siasa. Liliitazama Ulaya wakati dola ikitaka Italia ijitazame yenyewe, na kwangu huo nao ni ujasiri. Mwaka 1934 toleo lenye sehemu ya riwaya ya Elio Vittorini lilikamatwa kwa kisingizio cha maadili. Toleo la mwisho lilitoka 1936.

Kwa uandishi mpya, Solaria halina mpinzani: lilichapisha waandishi kama Svevo, Montale na Gadda.

Kwa hiyo, ukitafuta hoja za falsafa na historia, shika La Critica. Ukiwa mtunzi anayetaka kuona wenzake walivyoandika chini ya udhibiti, anza na Solaria.