Ziara ya pizzeria kongwe za Napoli kwa miguu: uzoefu wangu

Niseme mapema: kama nia yako ni kushiba pizza tu, Napoli huhitaji mtu wa kukushika mkono. Margherita nzima, ile pizza ya nyanya, jibini na majani ya mrehani, bado unaipata chini ya yuro 10 kwenye pizzeria nyingi za kawaida, na kila kichochoro kina tanuri. Ziara hii ya kuongozwa ilinitoka mara kadhaa ya bei hiyo. Nilichokuwa nalipia hasa ni maelezo, na kwa hilo sijutii hela yangu, ingawa kuna mambo ambayo kampuni inabidi iyarekebishe.

Tulikutana Piazza Dante saa tano asubuhi, halafu tukapita lango la zamani hadi pizzeria ya Port'Alba. Wenyewe wanahesabu kuanzia 1738, enzi za kuwauzia wachuuzi waliozunguka mitaani na pizza kichwani. Meza na viti vikaja mwaka 1830. Mwongozaji wetu, dada wa Kinapoli mwenye maneno mengi, alitueleza habari ya pizza ya kukopa: unakula leo, unalipa baada ya siku nane. Na ukifa kabla ya deni kuiva? Basi hiyo ya mwisho umekula bure. Utani huo ni wa wenyewe, nao bado wanaucheka.

Kutoka hapo ni Via dei Tribunali, barabara nyembamba ya mawe meusi ambako pikipiki zinakupitia ubavuni bila hata honi. Pizzeria ya Di Matteo, iliyofunguliwa 1936, bado inajivunia kwamba Bill Clinton, rais wa Marekani wakati huo, alikula pale mwaka 1994 alipokuja kwenye mkutano wa G7, kundi la mataifa saba tajiri. Sisi tulikula wima, barabarani, pizza ndogo iliyokunjwa mara mbili kama pochi, na ndivyo wanavyoiita, a portafoglio. Ina ufundi wake: unaikamata kwa karatasi, unainama mbele kidogo, unaanzia pembeni. Ukisimama wima kwa madaha, mchuzi wa nyanya unakushukia kifuani. Bwana mmoja mwenye shati jeupe alitufundisha somo hilo bila kupenda.

Sasa malalamiko. Kwenye fomu ya kuweka nafasi niliandika wazi kwamba sili nguruwe. Tulipofika kwenye duka la pizza ya kukaanga, ile inayovimba kama sambusa kubwa, mwongozaji wetu hakuwa na habari yoyote. Ujazo wake wa kawaida ni jibini za ricotta na provola, pamoja na cicoli, na cicoli ni mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa yakakamuliwa. Wakanikaangia nyingine bila cicoli, lakini karai lilikuwa lile lile, kwa hiyo nikampa jirani. Waislamu wenzangu, marinara ndiyo salama yenu: nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta, haina nyama wala jibini. Uliza mafuta ni ya nini, maana zamani mafuta ya nguruwe yalitumika sana kwenye pizza za huku.

Halafu kundi. Tangazo lilisema watu wachache, tulikuwa umati. Wa nyuma walikuwa wanasikia pikipiki kuliko historia.

Yote hayo niliyasamehe tulipoingia pizzeria ya Da Michele, mtaa wa Cesare Sersale. Hawa wapo tangu 1870, na jina lao limejengwa juu ya aina mbili tu, marinara na margherita. Nje watu wamejaa na vikaratasi vya namba mkononi. Mwongozaji alikuwa ameshamtuma mwenzake atuchukulie namba, na hapo ndipo ada ya ziara ilipojilipa. Tulikaa karibu na tanuri. Mpishi anachukua donge la unga, analibonyeza kwa vidole kutoka katikati kwenda nje ili hewa ikimbilie ukingoni, kisha analipiga huku na huku juu ya marumaru. Kijiti cha kusukumia hakiguswi. Hata kanuni za chama cha pizza halisi ya Napoli, kilichoanzishwa 1984, zinakikataza. Tanuri la kuni liko kwenye nyuzi 430 hadi 480 hivi, na pizza inakaa humo sekunde 60 mpaka 90. Nilihesabu kwa saa yangu, kweli haikufika dakika moja na nusu. Inatoka imetapakaa nje ya sahani, ukingo una madoa meusi, katikati laini kabisa, karibu majimaji. Aliyezoea pizza kavu ya kukamata mkononi atadhani haijaiva. Imeiva. Tumia kisu na uma.

Tulimalizia pizzeria ya Brandi, mwendo mrefu kidogo ambao tumbo liliushukuru. Ukutani pana kibao kinachosema margherita ilizaliwa hapo mwaka 1889, mpishi Raffaele Esposito alipompikia Malkia Margherita wa Italia. Mwongozaji alisimulia kama aya ya kitabu kitakatifu. Mimi ningependa aongeze kwamba wanahistoria wanaitilia shaka barua ya ikulu inayotajwa kuwa ushahidi, na kwamba pizza ya jibini na majani ya mrehani ilishaandikwa vitabuni miongo kadhaa kabla ya malkia huyo kufika. Hadithi isingepungua utamu, na sisi tuliolipia maelezo tungepata haki yetu.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Chagua ziara ya asubuhi, siku ya kazi, na usile kitu kabla. Ukiwa wawili, gawaneni pizza ya Da Michele; kuimaliza peke yako baada ya vituo vyote hivyo ni ubishi tu. Vinywaji havimo kwenye bei, na hilo wameliandika chini kabisa kwa herufi ndogo, kwa hiyo beba chupa yako ya maji na sarafu za yuro.