Mafuta ya alizeti ya Kizota, baada ya mwenye duka kuacha ajira

Mnunuzi wa mafuta ya alizeti jijini Dodoma hakosi pa kununua, kwani mkoa huu na jirani yake Singida ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo nchini, na madumu ya rangi ya dhahabu hupangwa hadi kando ya barabara kuu. Duka ninalolizungumzia liko Kizota. Nimekuwa mteja wake tangu mmiliki alipokuwa mhasibu wa kuajiriwa aliyeuza mafuta jioni na Jumamosi tu, na nimeendelea kununua baada ya mama huyo kuacha kazi na kuifanya biashara hii kuwa shughuli yake pekee.

Katika kipindi cha kwanza mafuta yalikuwa mazuri, ila hayakutabirika. Alikamulia kwenye mashine ya mtu mwingine, kwa zamu aliyopewa, na mara nyingi aliyauza kabla hayajatuama, hivyo dumu moja lilikuwa safi na la pili lilikuwa na mashapo yaliyotoa povu jingi kikaangoni. Bei nayo ilipanda na kushuka bila mpangilio, jambo ambalo wateja tulilichukulia kuwa tamaa hadi alipotueleza chanzo chake. Alizeti huvunwa kuanzia mwezi Mei au Juni, na miezi michache baada ya mavuno ndipo mbegu huwa nyingi na nafuu. Lakini mtu anayetegemea mshahara hununua magunia machache kila mwezi, ikiwemo miezi ya mwanzo wa mwaka ambapo maghala yameanza kuwa matupu na bei imepanda. Kwa maneno mengine, mshahara uliokuwa ukiilisha biashara ndio uliokuwa ukiilazimisha inunue kwa hasara.

Alipoacha kazi, akiba yake kubwa aliiweka kwenye mbegu za msimu mmoja na mashine ndogo yenye kichujio, wala hakuigusa kwa ajili ya kupamba duka. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliolibadilisha duka, kuliko hata kule kufunguliwa kila siku. Sasa mafuta hutuama mapipani kabla ya kujazwa kwenye madumu, rangi yake haibadiliki kutoka ununuzi mmoja hadi mwingine, na mashudu yanayobaki huuzwa kwa gunia kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe, pato ambalo zamani lilibaki kwa mwenye mashine. Nimeyatumia kukaangia perege wa Mtera, kupikia chapati na kuungia mchicha. Harufu ya mbegu husikika kidogo mafuta yanapopata moto, kisha hupotea, na samaki hatoki akiwa amelowa mafuta. Katika baridi ya Julai, ambapo mafuta yaliyochanganywa na mawese huelekea kuganda usiku, haya yalibaki kimiminika hadi asubuhi.

Zipo kasoro. Madumu hayaandikwi tarehe ya kukamuliwa, nalo ni pungufu kubwa kwa mafuta yasiyosafishwa kiwandani, ambayo huchacha mapema yakiachwa kwenye joto na mwanga. Baadhi ya madumu hupangwa nje ya mlango, juani, kwa ajili ya kuvutia wapita njia. Mimi huomba dumu la ndani, na kijana wa dukani hulileta bila kinyongo. Bei ni shilingi elfu moja zaidi kwa lita ikilinganishwa na ile ya kando ya barabara, tofauti ninayoikubali kwa sababu ya usafi, ingawa mama lishe anayenunua ndoo nzima ya lita 20 anaweza kuiona nzito.

Lililowaudhi wateja wa zamani ni kufutwa kwa mkopo wa hadi mwisho wa mwezi. Watumishi wengi wa Mji wa Serikali kule Mtumba walizoea kuchukua dumu katikati ya mwezi na kulipa mshahara ukitoka, na wapo waliohama kwa sababu hiyo. Lawama hizo siziungi mkono. Alipokuwa na mshahara wake aliweza kutusubiri; sasa fedha iliyoko mikononi mwetu ndiyo inayotakiwa kununua mbegu wakati wa mavuno. Badala ya mkopo ameweka lipa namba na utaratibu wa kulipia kidogo kidogo kabla ya kuchukua, na madumu ya Mtumba hupelekwa kila Ijumaa kwa nauli inayogawanywa kati ya walioagiza.

Anayetaka kununua kwa ajili ya sikukuu za Desemba ni vyema alipie mapema mwezi Novemba, aende na dumu lake safi na kavu lenye kifuniko kinachobana, na aulize mafuta yalikamuliwa lini, kwa kuwa mwenye duka hulijibu swali hilo kwa kufungua daftari lake la kazi za kila siku.