Hedfoni kali na amplifaya yake: anza na mziki unaosikiliza

Kama unataka kumwaga hela kwenye hedfoni za maana, swali la kwanza sio ipi kali kuliko zote, ni wewe unasikiliza nini. Mtu wa kwaya na mtu wa amapiano ukiwapa hedfoni moja, lazima mmoja alalamike. Amplifaya inafuata baadae, na kuna hedfoni wala haina shida nayo sana. Nazipanga nnavyoziona mimi, sio kwa bei.

1. Sennheiser HD 600. Hapa sibishani na mtu. Imetoka 1997 na mpaka leo inauzwa, pedi na waya unanunua kivyake unabadilisha mwenyewe, na kwa hapa Dodoma ambapo fundi wa hivi vitu unamtafuta kwa tochi hiyo peke yake ni sababu tosha. Sauti za watu ndio kwao: kwaya, taarab, dansi la zamani, na ngoma zetu za Kigogo. Weka ilimba (kinanda cha Wagogo cha kupiga kwa vidole gumba) halafu sikiliza ule mvumo unaokwaruza nyuma ya kila noti, kwenye hedfoni za elfu kumi unamezwa wote, hapa unausikia kabisa umejitenga, na muheme, ngoma za kina mama wa Chamwino kila moja unaijua imekaa wapi. Besi ya chini kabisa hamna, nisikudanganye.

Hii ina ohm 300 (ndio ukinzani wake kwa umeme), simu itaipiga ila kinyonge. Ndio mahali pekee nnapomshauri mtu anunue amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za kizamani), aina ya OTL, yaani isiyo na transfoma ya kutolea sauti, kama Bottlehead Crack (inakuja vipande, unaunganisha mwenyewe, kama hujui kulehemu waya iache). Zile zina ohm nyingi kwenye tundu la kutolea, zikikutana na HD 600 besi inanenepa kidogo na sauti inakuwa na joto flani hivi tamu. Kama hutaki mambo ya valvu, JDS Labs Atom inatosha, sauti yake safi haiongezi kitu.

2. Audeze LCD-X. Amapiano, singeli, bongo fleva, basi. Ni planar (sauti inatolewa na utando bapa mpana), ohm 20 tu, besi inashuka mpaka chini bila kutetemeka. Ila ina zaidi ya nusu kilo, shingo itakwambia, na Marekani kwenyewe inavuka dola elfu moja. Usiichomeke kwenye ile ya valvu ya OTL hata kwa bahati mbaya, itakuwa kama imefungwa kamba. Chukua ya transista, Atom au Schiit Magni. Kanuni ya haraka: ohm za tundu la kutolea la amplifaya zisizidi moja ya nane ya ohm za hedfoni. Valvu na HD 600 wanaivunja makusudi, ndio utamu wenyewe.

3. Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohm 80. Sio ya kitajiri, lakini hizo mbili za juu ziko wazi nyuma, upepo wa Dodoma na jirani wa Nkuhungu vyote vinaingia, na vumbi nalo linapenya kwenye wavu, ukimaliza funika. Hii imefungwa, na pedi zake za kitambaa mwezi wa kumi hazikupiki masikio kama za ngozi. Hata amplifaya ndogo inaitosha.

4. Sennheiser HD 800 S. Orkestra na jazi, vyombo unavisikia vimetawanyika kwa upana wa ajabu. Kwa singeli utaona umeibiwa.

Rock? Grado, zikikukwaruza masikio sikuwepo.

Kuagiza sasa. Amplifaya ya soko la Marekani ni volti 120, kwetu 230, kwa hiyo soma nyuma ya adapta kabla hujachomeka, bora uagize kabisa toleo la 230. Na ukipita Kariakoo ukakuta HD 600 ya elfu hamsini, hiyo umeuziwa nembo. Muuzaji akikukatalia kuivaa usikilize wimbo wako mwenyewe hapohapo, panda treni urudi zako.