SvalSat: kituo cha setilaiti cha Svalbard, kwa jicho la Ngomeni

Mwenye setilaiti ndogo ya mzunguko wa ncha, yaani inayopita karibu na ncha mbili za dunia, kama Taifa-1 ya Kenya iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, lazima aamue mapema data yake itapokelewa wapi. Kwa watu wa Malindi jina la kwanza ni Ngomeni, kwenye Kituo cha Luigi Broglio, kituo cha anga cha Italia. Lakini kwa setilaiti iliyo kilomita 550 juu, Ngomeni hupata mapito matatu hivi kwa siku: dakika kama kumi ikipita utosini, pungufu ikipita kando. SvalSat, iliyoko mlimani Platåberget juu ya mji wa Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard, nyuzi 78 Kaskazini, huiona karibu kila inapozunguka, mara 14 au 15. Ina antena zaidi ya 100 na huendeshwa na KSAT, kampuni ya Norwei ya huduma za setilaiti. Kwa kupakua picha za mzunguko wa ncha, ndiyo huduma bora tunayoijua.

Hata hivyo, usihesabu mapito tu. Mengine hukaa chini karibu na upeo. Kwa nyuzi 5 juu ya upeo setilaiti hiyo iko umbali wa kilomita 2,200 hivi, mara nne ya ikiwa utosini, na mawimbi hudhoofika kwa desibeli 12, yaani nguvu yake hubaki kama sehemu moja ya kumi na sita. Redio iliyopimwa kwa pito la utosini itapoteza data hapo. Mkataba wa huduma utaje nyuzi za chini zinazohesabiwa kuwa pito halali, la sivyo utalipia dakika tupu.

Kuna na siasa ya mahali penyewe. Svalbard ni ya Norwei kwa Mkataba wa 1920, na kifungu cha 9 kinakataza visiwa hivyo kutumiwa kwa vita. Kwa hiyo kituo cha ardhini huko kinahitaji kibali cha serikali ya Norwei, na hukaguliwa. Eleza kazi ya setilaiti yako na mwenye data tangu mwanzo. Mradi wenye mkono wa jeshi utakwama. Warusi nao bado wapo Barentsburg, mji wao wa makaa hukohuko Svalbard, kwa haki ya mkataba huohuo, na Norwei haitaki kumpa yeyote sababu ya kulalamika.

Uchumi wa visiwa umegeuka pia. Mwaka 2023 mtambo wa umeme wa Longyearbyen uliacha makaa na kuanza kutumia dizeli, na mgodi wa mwisho wa Norwei, Gruve 7, ukafungwa 2025. Mji sasa unategemea zaidi utafiti, utalii na kazi kama hii ya setilaiti, ndiyo maana tunaamini Norwei itailinda.

Udhaifu mkubwa uko chini ya bahari. Data hutoka Svalbard kwenda Norwei bara kwa nyaya mbili tu, kila moja zaidi ya kilomita 1,300, zilizoanza kazi 2004. Januari 2022 mmoja uliharibika, vikuza mawimbi vyake vikakosa umeme; polisi walishuku mkono wa binadamu, lakini hakuna aliyeshtakiwa. Huduma iliendelea kwa waya wa pili, bila akiba nyingine. Omba data ihifadhiwe kituoni hadi upokezi uthibitishwe, na uulize itahifadhiwa siku ngapi.

Kutoka Ulaya kuja Mombasa safari haijaisha. Mapema 2024 nyaya za Bahari ya Shamu zilikatika na intaneti ya pwani yetu ikazorota. Ni heri picha zichakatwe hukohuko Ulaya, kisha ukavuta kipande unachohitaji tu, tuseme Ghuba ya Ungwana peke yake.

Kwa mzunguko wa karibu na ikweta, usipoteze hata barua pepe kwa SvalSat. Darubini ya anga ya Swift, ambayo mzunguko wake umeinama nyuzi 20.6 tu kutoka ikweta, husikika Malindi na haionekani Svalbard kamwe. Setilaiti ya namna hiyo ipelekwe Ngomeni.