Kaunta buku la kwaya tatu: miezi kumi na moja nalo dukani

Nauza vipuri vya baiskeli Ngamiani, si mbali na soko la Mgandini. Anayeijua Tanga anajua uzito wa kazi hiyo. Mji wetu ni tambarare, na baiskeli ndiyo miguu ya watu. Muuza samaki anayetoka Deep Sea, mwanafunzi wa Makorora, fundi uashi wa Mikanjuni, kila mmoja ana siku yake ya kutafuta tyubu, cheni, gololi au spoku. Duka nimelirithi kwa marehemu baba, na pamoja na duka nikarithi mtindo wake wa kuweka hesabu zote kichwani.

Baba aliweza, maana alikuwa na aina arobaini za bidhaa. Mimi ninazo zaidi ya 300. Bei ya kununulia, bei ya mwisho ya kumpunguzia fundi, nani kachukua tairi asubuhi kwa ahadi ya kulipa jioni, rimu gani zimebaki mbili, yote niliyabeba mimi peke yangu. Kijana wangu wa dukani hakuweza kuuza hata pedeli bila kunipigia. Niko msibani, simu inaita. Nimejilaza baada ya kula, inaita tena. Nilifungua saa moja asubuhi nikafunga saa tatu usiku, siku zote saba. Nilipokuja kupiga hesabu ikawa saa 98 kwa wiki.

Asubuhi moja nikafika dukani, ufunguo mkononi, nikashindwa kufungua kufuli. Nilisimama tu. Fundi anayekaa chini ya mwarobaini jirani akaniuliza, "Mamaangu, vipi, limeshika kutu?" Nikaangua kilio barabarani mbele ya watu. Siku hiyo hiyo nikapelekwa hospitali na presha iko juu.

Daktari aliyenipokea, kabla hata hajaandika dawa, aliniuliza nafanya kazi saa ngapi. Nilipomtajia, akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wa pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo asilimia 17, ukimlinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Akanieleza pia dalili tatu za mtu aliyechoshwa na kazi kupita kiasi: nguvu kumwisha kabisa, moyo wake kuikimbia kazi yenyewe, na kujiona hana tena analoliweza. Nilikuwa nazo zote. Ile ya pili ndiyo iliyonitisha zaidi, kwa sababu nilishaanza kuchukia kusikia hodi ya mteja, mimi niliyekulia kwenye duka lile.

Dada yangu wa tumbo moja, ambaye ni karani, ndiye aliyeniletea kaunta buku, lile daftari nene la kuandikia hesabu. Unene wake kwaya tatu, yaani kurasa 288, kava gumu jeusi, mgongo mwekundu. Alilinunua shilingi elfu tano kwenye duka la vifaa vya shule. Akaniambia, "Usiandike hesabu kwanza. Andika kila kitu ambacho yule kijana anakupigia simu kukuuliza." Hapo ndipo nilipoanzia, na ndiyo maana nimeona nilieleze buku hili kwa kirefu.

Wiki ya kwanza niliandika bei tu, kurasa kumi na mbili. Kila bidhaa ikapata bei ya kawaida na bei ya mwisho, ile ambayo kijana akifika hapo asishuke tena. Wiki hiyo nilipigiwa simu zaidi kuliko siku zote, kwa kuwa kijana hakuamini kama kweli nimempa ruhusa. Ya pili zikapungua. Ya tatu nikakaa mchana mzima nyumbani nikidhani simu imeharibika.

Baadaye yakaja madeni. Nilimpa kila fundi ukurasa wake wenye safu tatu: alichochukua, alicholipa, baki. Kwa kichwa nilikadiria wananidai... samahani, nawadai kama laki nne. Nilipomaliza kuandika, mafundi 19, jumla ikafika 1,140,000. Nililiangalia lile jumla muda mrefu. Hakuna aliyenidhulumu, nilipowaonyesha kurasa zao karibu wote walikumbuka na kukubali, na wengine walisema walikuwa wakiona aibu kwa vile mimi sikuwa naulizia. Nilichokuwa nakiita uchovu, sehemu yake kubwa ilikuwa ni hofu ya kusahau. Usiku nilikuwa nazungumza na madeni kichwani ili yasipotee. Yalipoingia kwenye karatasi, nikaanza kulala.

Ukurasa wa mwisho kabisa nimeandika tarehe nne za kulipa awamu za kodi ya mapato: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba, 31 Desemba. Zamani kila moja ilinikuta kama mgeni wa usiku.

Sasa kuhusu buku lenyewe, kwa anayetaka kununua. Chukua lililoshonwa kwa uzi, usichukue la gundi. Lifungue katikati kabisa, uvute karatasi kidogo, uzi utauona. Langu la kwanza lilikuwa la gundi, na kwa unyevu wa hapa pwani, masika yalipoingia, kurasa za katikati zikaanza kuachia na kava likavimba kwenye kona. Karatasi ni nyepesi, wino wa kalamu ya jeli unapenya upande wa pili, kwa hiyo tumia bolipeni. Kurasa hazina namba. Zipe namba kwa mkono siku ya kwanza, la sivyo ukurasa ukichomolewa hutajua. Na mikono yetu ya grisi inaacha alama. Mimi naweka kitambaa juu ya kaunta, wa kwanza kufuta ni mimi.

Kabla ya hapo nilijaribu programu ya simu ya kuweka hesabu. Haikunifaa. Bando likiisha imekwama, chaji ikiisha imezima, na kila nikiishika simu ili niandike mauzo, nakutana na ujumbe wa mtu anayeuliza tairi. Simu ndiyo iliyokuwa imenichosha, nisingeweza kupumzikia humo. Mwenye duka kubwa lenye matawi ataona tofauti, na sibishani naye.

Mwezi wa pili nilikosea. Nilianza kubeba buku nyumbani, nikawa naandika kitandani hadi saa sita. Dada akaja akaliona kwenye mto, akalichukua bila kusema neno, akalirudisha dukani asubuhi. Tangu siku ile linalala kwenye droo ya kaunta. Nasema hivi kwa mwenzangu atakayenunua leo: ukilipeleka chumbani, limekuwa mzigo mwingine. Na halikunitibu presha. Dawa nameza, kliniki nahudhuria, na zile wiki za mwanzo ambazo nilikuwa naamka na giza moyoni, aliyenisaidia ni daktari na dada, sio karatasi.

Siku hizi nafunga saa kumi na mbili jioni. Jumapili duka liko kwa kijana hadi adhuhuri, na mimi naenda Raskazone, natembea ufukweni, natazama ngalawa zikirudi. Mara ya kwanza nilikaa pale saa mbili nzima nikisubiri wasiwasi unijie, kama mtu anayesubiri basi. Haukuja. Mauzo ya Jumapili hayajashuka. Kwa miezi mitatu iliyopita yamezidi kidogo, kwa sababu kijana ana subira na watoto wanaokuja kununua valvu moja moja, subira ambayo mimi nilikuwa nimeishiwa.

Buku la kwanza limebakisha kurasa tisa. La pili nimelinunua Jumatatu, la uzi, elfu tano na mia tano. Namba za kurasa nimeandika hadi 60. Zilizobaki anaziandika kijana, na bei za ukurasa wa kwanza kazipanga yeye.