Uzoefu wangu na foma: kuitafuta "l" iliyopotea

Ni mwezi wa nane sasa natumia foma kuchunguza vitenzi vya Kiswahili. Ni programu ya bure aliyoitoa Mans Hulden mwaka 2009. Unaiandikia sheria za sauti, nayo inazigeuza kuwa mashine ya hali zenye kikomo: inasoma neno herufi kwa herufi na kutoa neno jingine.

Swali langu lilikuwa dogo. Kwa nini "chukua" lakini "chukuliwa", "toa" lakini "tolewa"? Wanaisimu wanaeleza kwamba l ilikuwepo zamani ikadondoka kati ya irabu. Nikaandika mstari mmoja:

l -> 0 || Irabu _ a .#.

Yaani l idondoke (0 ni kutokuwa na kitu) ikitanguliwa na irabu na kufuatwa na a ya mwisho (.#. ni mwisho wa neno). "Chukula" ikawa "chukua". "Chukuliwa" ikabaki ilivyo. Kisha nikaipa orodha nzima ya vitenzi, ikanirudishia "laa" badala ya "lala" na "tawaa" badala ya "tawala". Hapo ndipo nilipoipenda, kwa sababu haikuonei haya. "Tawala" ina asili ya Kiarabu, basi yaelekea iliingia sheria ikiwa imeshakoma. "Lala" nimeiwekea alama ya peke yake, na sijaridhika nayo.

Amri ninayoithamini kuliko zote ni "up", inayorudisha neno nyuma. Ipe "oa", itakupa "oa" na "ola". "Olewa" ndiyo inayoamua: l yake imebaki, basi asili ni "ola". Ipe "ua", itakupa "ua" na "ula". Lakini tunasema "uawa", hatusemi "uliwa"! Siku mbili nzima nilihangaika na neno hilo. Jibu nililipata kwa Wakikuyu, ambao kuua kwao ni -ũraga, na r yao mara nyingi ndiyo l yetu. Kumbe kwetu ziliondoka konsonanti mbili, l na g, na ile a ya katikati ya "uawa" ni mabaki ya mzizi.

Kasoro zipo. Hakuna vitufe, ni kuandika amri tu, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Ukipanga sheria kinyume hailalamiki, inakupa jibu baya kimyakimya. Tena ng' ni herufi tatu kwake hadi uitangaze kuwa alama moja. Hilo lilinipotezea jioni nzima.

Anayefundisha fonolojia, yaani mfumo wa sauti, ya lugha za Kibantu aichukue bila kusita. Mimi naanza vitenzi vya Kigiriama wiki hii, nione l zao zimekaa wapi.