Women's Basketball Hall of Fame, Knoxville: mpeleke binti yako

Kama una binti anayecheza mpira wa kikapu na mnaishi jirani na Tennessee, mpeleke kwenye jumba hili la kuwaenzi wanawake wa mpira wa kikapu. Sisi tulitoka Nashville, mwendo wa kama saa tatu kwa gari, mimi na wasichana wa timu ninayosaidia kuifundisha, wengi wao watoto wa Kitanzania, Kikongo na Kirundi. Jengo lenyewe huwezi kulikosa. Nje limebeba mpira wa kikapu wenye kimo cha futi 30 na uzito wa tani 10, na picha hapo zilipigwa mpaka ikabidi niwaswage kuingia ndani.

Mimi nilimfuata Pat Summitt, kocha aliyenitia hamu ya kufundisha. Alikabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974, akiwa na miaka 22, na baadhi ya wachezaji wake aliwazidi mwaka mmoja tu. Mshahara ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Gari la timu aliliendesha mwenyewe, jezi akazifua mwenyewe, na jezi hizo zilipatikana kwa fedha za kuuza donati. Mechi yake ya kwanza alifungwa na chuo cha Mercer, 84 kwa 83. Wakati huohuo alikuwa bado anacheza: mwaka 1976 kule Montreal, wanawake walipocheza kikapu Olimpiki kwa mara ya kwanza, alipata medali ya fedha. Mwaka 1984 akaifundisha timu ya Marekani ikatwaa dhahabu Los Angeles.

Wengi wakimtaja huanza na ushindi wake 1,098 na ubingwa 8 wa NCAA, mashindano ya vyuo vya Marekani. Ni mambo makubwa, sikatai. Lakini mimi wazazi huwaambia jambo jingine kwanza: kila msichana aliyemaliza miaka yake yote ya kucheza chini ya Summitt alihitimu masomo. Darasani aliwataka wakae safu tatu za mbele, na kukosa kipindi lilikuwa kosa la kujibu mbele yake. Mzazi aliyehamia nchi hii, akikesha na hofu kwamba mpira utamwibia mtoto shule, ana haki ya kulijua hilo kabla hajamkataza binti mazoezi.

Tukirudi ndani. Kuna sanamu inayojongea na kuzungumza ya Senda Berenson, mwalimu aliyewaanzishia wasichana wa chuo cha Smith mchezo huu mwaka 1892. Kuna gari refu la All American Red Heads, akina dada waliozunguka Marekani wakicheza dhidi ya wanaume kwa sheria za wanaume. Nilisimama hapo kitambo.

Ila kilichotushika hasa ni chumba cha kubadilishia nguo. Unakaa kwenye benchi, unasikiliza makocha wakiongea na timu kama vile ni mapumziko. Wasichana wangu, ambao hata ndani ya gari hawanyamazi, walinyamaza. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, hawa wanaongea kama wewe." Sijapewa sifa iliyonigusa kama hiyo tangu nianze kazi hii.

Jueni tu kwamba jumba ni la wote walioenziwa, si la Summitt peke yake. Summitt yumo katika kundi la kwanza la walioenziwa mwaka 1999, pamoja na Berenson na wengine, hivyo anayemtaka yeye peke yake aunganishe safari mpaka uwanja wa Thompson-Boling wa Chuo Kikuu cha Tennessee, ambako sanamu yake inasimama ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo nilipowaeleza habari za mwaka 2011, alipotangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer's, ule wa kupoteza kumbukumbu, kisha akarudi kazini msimu mmoja zaidi, Holly Warlick, mchezaji wake wa zamani, akibeba sehemu kubwa ya kazi pembeni yake. Alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 64. Mmoja wa wasichana aliuliza kama wachezaji walijua anaumwa. Nikamwambia walijua, aliwaambia mwenyewe.

Tengeni nusu siku nzima. Saa za kufungua hubadilika kwa msimu, kwa hiyo angalieni kabla ya kuondoka. Na watoto wavae raba, maana ndani kuna uwanja wa kurusha na kupiga pasi, na kuwatoa hapo ni kazi.